Dawa ya Mafuta Haingoji Harusi

Muscat, Ijumaa

Baba yangu,

Assalaam aleikum. Naubusu mkono wako wa kulia, maana wa kushoto kiharusi kilishauchukua. Mimi mzima, ila mgongo unaniuma kwa kumnyanyua mzee ninayemuuguza hapa. Nyote hapo Wiyoni hamjambo?

Dada Fatma ameniambia. Usimgombeze, nilimlazimisha. Daktari alikupa tembe za kolesteroli umeze kila siku, maisha yako yote, nawe unazitia mfuko wa kanzu ukingojea harusi! Ukishiba pilau ndipo umeze moja. Siku ya samaki wa kuchemsha unasema, "Yeo sikula mafuta, dawa ya mafuta ya nini?" Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia.

Mafuta hayo hayamo kwenye sufuria ya Mama. Yamo ndani ya damu yako, na ini lako linayatengeneza hata ukiwa umefunga. Tembe inazuia mishipa isizibe tena. Wala usinijibu, "Nimeshapoa, napita ndia kwa maguu yangu." Tembe zikikusumbua, mwambie daktari, usijifanye daktari wewe. Sikio la kufa halisikii dawa, Baba, nami nakupigia kelele wakati lako bado linasikia.

Huyu mzee wangu naye alipoa. Alikuwa dalali, mwenye maneno kama wewe. Akaacha dawa, kiharusi kikamrudia. Sasa amebakiwa na neno moja tu, "la". Jana nilimuuliza kama ana kiu, akasema "la" huku akiinyooshea mkono gilasi. Nikimbadilisha nguo hufumba macho. Wanawe husimama mlangoni, huuliza hali, huenda zao.

Naogopa. Nikiikosa sauti yako kwenye simu, sijui nitakaa vipi huku.

Nisalimie Mama, mwambie tembe azishike yeye na akutazame ukimeza. Nisalimie Fatma, na shangazi wa Kiwayu.

Na ujue kuwa mkataba wangu bado haujesha, siwezi kuja. Mama hana nguvu za kukugeuza. Ukianguka tena, atakayekuvua nguo na kukuosha ni Salimu, mume wa Fatma, yule uliyesema mbele za watu kwamba hafai hata kukaa sebuleni kwako. Nimeshamuuliza. Amekubali, tena alicheka.

Mwanao akupendaye,
Mwanaesha