Wateja Nimewaficha Simuni, na Siku Zangu za Kujifungua Zimewadia

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na ukinicheka, cheka taratibu, maana hali yangu haitaki mishtuko. Nafanya kazi kwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayekodisha maturubai na viti vya shughuli, mimi napokea oda za harusi, dereva anapokea za misiba kwa sababu ana uso wa huzuni tangu azaliwe, mtunza stoo anapokea za yeyote apitaye mlangoni, na kila mmoja ana wateja wake kwenye simu yake, mpaka Jumamosi moja mimi na dereva tukaahidi turubai lilelile kwa watu wawili, katika kuhangaika mizigo ikachanganyika, bibi harusi akaletewa vitambaa vyeusi vya viti, na wafiwa wakakaa chini ya maputo, mmoja wao akamuuliza dereva, "Ndugu yangu, kwani marehemu aliwakosea nini?"

Basi wifi akaleta kompyuta, akasema kila oda iingie humo, sehemu moja, tuione wote. Wenzangu wakaingiza. Lakini mshauri, wateja hawa nimewatafuta saluni, nimewatafuta kwenye foleni, hata msibani kwa mjomba wangu nilitoka na oda, leo niwamwage hadharani? Nikaingiza, ndiyo, ila kwa majina ninayoyajua mwenyewe, "Shangazi wa Meno", "Bwana Nitakupigia", na penye mahali pa shughuli nikaandika "palepale". Juzi niko kliniki mtunza stoo akapiga, "Shemeji, palepale ndiyo wapi? Gari limeshapakiwa!" Nikamwambia subiri napimwa presha, presha ikapanda, nesi akaninyang'anya simu, na Shangazi wa Meno akapokea wageni wake juani.

Sasa wifi amesema siendi likizo ya uzazi mpaka wateja wote waingie kwa majina yao. Tumbo limeshashuka. Mume wangu anasema, "Dada ni dada, mimi simo." Nikiwatoa wote, nikirudi na mtoto mgongoni si nitakuta kiti changu kimekaliwa? Nikikataa, nafukuzwa kazi, kisha aliyenifukuza naketi naye meza moja kila Jumapili. Nifanyeje?

Mama Mtarajiwa

*

Mama Mtarajiwa,

Pole kwa mzigo wa tumbo. Huo wa simu umejitwika mwenyewe.

Unasema wateja ni wako. Shangazi wa Meno alipokuwa akijipepea juani, unadhani alilaani simu yako? Alilaani duka zima, na dereva akiwemo, masikini, na uso wake ule. Turubai ni la wifi, gari ni la wifi. Chako ni ulimi mtamu unaotoka na oda msibani, na huo hakuna kompyuta itakayouchukua.

Hofu yako naielewa. Wapo mabosi ambao wakishajua unachokijua, wewe wanakusahau. Ila kwa mpango wako huu, uchungu utakuwa umekushika, mkunga anasema sukuma, na simu inaita: "Shemeji, Bwana Nitakupigia anataka viti vyeupe au vya bluu?" Utamjibu nani kwanza?

Kesho asubuhi nenda kwa wifi. Siku hiyo muite bosi, maana haya ni ya kazi. Mwambie kila oda iwe na nafasi ya kuonyesha ni nani aliyemleta mteja, na asiifute mtu bila yeye bosi kujua. Hapo jasho lako litaonekana hata ukiwa hupo, jambo ambalo simu yako haijawahi kukufanyia. Muombe pia akuandikie tarehe ya kurudi kazini, na mumeo aweke sahihi kama shahidi. Ameshasema dada ni dada. Naye aonyeshe kuwa mke ni mke.

Kisha kaa na mtunza stoo muingize wote: jina kamili, simu, mtaa, tarehe, idadi ya viti. Hiyo "palepale" ifute kabla sijasikia tena presha imepanda. Na dereva aambiwe asiahidi turubai kabla ya kutazama humo, hata mfiwa akimlilia begani.

Ukimaliza, zima simu, mama. Nenda kajifungue.