Mgonjwa ni Mimi

Mke wangu mpenzi,

Natumaini huko kwa wazazi wako hamjambo. Mimi nashona viatu kama kawaida, na lile bomba la jikoni nimeliziba.

Kinyaa kimenijaa. Kwa ule udhaifu wangu wa kitandani, wenzangu wa karakana walinipa dawa ya "kurudisha heshima", tope jeusi linalonuka kama soksi zilizovunda. Nililinywa siku tatu, nikatapikia viatu vya mteja. Ndipo nikaenda zahanati. Daktari akapima damu.

"Una kisukari. Kinaharibu mishipa, ndiyo maana nguvu za kiume zimepungua. Na mawazo je, unayo?"

"Tangu tumzike mtoto."

"Basi nayo yanachangia. Tutayatibu yote mawili."

Nami nilikuambia umenenepa, hunivutii, hadi ukafunga mizigo! Nikikumbuka maneno yale, najionea kinyaa kuliko lile tope.

Jana Mama alipokulaumu tena, nilimwambia mbele ya dada zangu, "Mke wangu hana kasoro. Mgonjwa ni mimi." Mama akatema mate chini, akaondoka.

Nimeanza vidonge. Usirudi kwa kunihurumia. Njoo siku utakayoweza kunitazama bila kuchukia.

Mumeo, anayekuomba radhi