Nimelisifu Gari Kabla ya Kulinunua

Nyaishozi, Karagwe
9 Julai 1955

Mpendwa mshauri Bi. Xaveria, shikamoo. Nakuandikia mikono ikinuka petroli, naomba uniamulie jambo ambalo mwenyewe nimeshindwa, maana nikifumba macho naona usukani, nikifumbua naona uso wa baba.

Mimi ni Kakuru, miaka thelathini na miwili, udereva nilijifunzia kwenye lori la kahawa, na sasa natafuta gari dogo la nyumbani, lenye mbio lakini lisiwe la bei ya matajiri, na yako mawili yanayouzwa. La kwanza ni jekundu, la Mzungu mmoja wa machimbo ya bati huko Kyerwa anayerudi kwao, viti viwili tu, na paa lake ni turubai la kukunja. La pili ni la bluu, la karani Egbert, mtu wa Muleba anayefanya kazi Omurushaka, lina kiti kirefu nyuma na sura ya upole kama mwalimu wa katekisimu.

Nimeyajaribu yote, tena si mara moja. Lile jekundu ukiligusa tu limeondoka, unakaa chini karibu na ardhi mpaka unaziona kokoto zinavyokujia, kwenye kona haliyumbi, na tulitoka Omurushaka hadi Kiruruma rafiki yangu Gaudiosus akishika saa, tulipofika kofia yake hatukuiona tena mpaka leo. La bluu lilichelewa dakika tisa kwa njia hiyohiyo, lakini nisiwe mwongo, mlimani lilipanda bila kuchemsha maji, na nilipolipakia magunia mawili ya maharage halikubadilisha hata sauti. Jekundu, pamoja na nguvu zake zote, mlima uleule lilitoa mvuke. Kwa nini? Nilifungua boneti nikachungulia nusu saa nzima, jibu sikulipata, na swali hilo linanikosesha usingizi kwa utamu wake.

Sasa kosa langu. Kwenye arusi ya Kashaija huko Kiruruma, pombe ya ndizi, rubisi, ilipokwisha kuzunguka, nilisimama na fimbo nijigambe, kama desturi yetu wafugaji, kila mtu akimsifu ng'ombe wake bora, nami nikapaza sauti: “Mimi Nisiyefikiwa na Vumbi! Mwenye ng'ombe mwekundu asiyekula majani, akinguruma milima inaitika!” Vigelegele vilipigwa, na tangu siku hiyo Omurushaka nzima wananiita Mwenye Jekundu, na gari bado ni la Mzungu.

Baba yangu, mzee Muhangi, ndiye aliyeuza ng'ombe kumi na mmoja ili gari lipatikane, kwa kuwa mwaka juzi mke wangu Komujuni alishikwa na uchungu akabebwa kwa machela kwenda hospitali ya misheni, mvua ikawakuta njiani, mtoto akafa kabla hawajafika, na sasa Komujuni ana mimba ya miezi saba. Baba hataki kusikia habari za jekundu. “Mwanangu,” anasema, “ng'ombe hachaguliwi kwa pembe.” Namwambia, “Taata, hili litamfikisha upesi zaidi!” Anatoka nje.

Komujuni mwenyewe, magari yalipoletwa nyumbani, aliyazunguka, akapima viti kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kisha akarudi kuchambua maharage. Wanawake na magari, unajua mwenyewe.

Je, nifanyeje nilipate jekundu bila baba kununa? Na nikichukua la bluu, mbele ya watu wa Kiruruma uso wangu nitauweka wapi? Mzungu anaondoka tarehe mosi Agosti.

Wako mtiifu,
Kakuru

JIBU

Marahaba, Kakuru. Udadisi wako naupenda. Mtu anayekaa nusu saa mbele ya boneti akiuliza mvuke umetoka wapi si mjinga, ndiyo maana nimekasirika zaidi.

Umeniandikia kokoto, kona na kofia ya Gaudiosus kwa kirefu. Mtoto mliyempoteza umempitia mbiombio, katikati ya ng'ombe na baba yako. Pole sana kwa msiba huo, nasema kwa moyo wote. Nadhani najua kwa nini hukutaka kukaa hapo. Ndani ya lile jekundu upepo ni mkali, mtu hapati nafasi ya kukumbuka. Lakini Septemba inakuja na mvua zake, na itakukumbusha.

Wanawake na magari, ninajua mwenyewe? Ndiyo, ninajua. Komujuni alikuwa anapima kama ataenea akilazwa. Nyumba nzima ni yeye peke yake aliyelijaribu gari kwa kazi litakayofanya, tena bila kuwasha injini. Wewe ulipakia maharage. Yeye umewahi kumpakia? Na mkunga atakaa wapi, juu ya turubai?

Majigambo yako yasikutishe. Ulimsifu ng'ombe wa jirani, basi. Kiruruma watakucheka wiki mbili, kisha watapata mwingine wa kumcheka. Aibu hiyo ni nyepesi kuliko machela.

Jumapili baada ya ibada mwombe Egbert gari lake. Tandika godoro kwenye kile kiti kirefu, mlaze Komujuni, mkunga akae mbele, uende Omurushaka na kurudi kwa mwendo wa ng'ombe anayenyonyesha. Mwenda pole hajikwai. Yeye akuambie ni shimo gani limemuumiza. Mkirudi, mwulize mbele ya mzee Muhangi lipi linunuliwe, na akijibu wewe funga mdomo ulipie.

Kwa Mzungu nenda ukaage. Kama moyo unadai, liendeshe jekundu mara moja ya mwisho, hilo siwezi kukunyima. Na mwulize habari ya mvuke. Ukipata jibu niandikie, hata mimi nataka kujua.

Fimbo yako iweke ukutani mpaka Septemba. Siku utakayosimama nje ya wodi ukasikia mtoto analia ndani, itwae, ulisifu la bluu mpaka sauti ikukauke.