Hakuna Aliyemuuliza Baba

Jumamosi, baada ya Laasiri. Mambrui.

Joto limelalia bati tangu asubuhi na hakuna hata upepo wa kutikisa pazia. Nina hasira. Nayasema haya mwanzo kabisa, ili asiyependa kusoma hasira za mtu afunge ukurasa mapema.

Nina hasira na kaka yangu, Athman. Leo sikumwita Kaka hata mara moja, na amelitambua hilo.

Naishi na Baba hapa Mambrui tangu Mama alipofariki, mwaka wa sita sasa. Baba ana miaka themanini na mmoja. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na hadi juzijuzi alikuwa akienda msikitini kwa miguu sala zote tano. Sasa kutoka kitandani hadi chooni anapumzika mara mbili. Analala ameegemea mito mitatu. Miguu yake imevimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo.

Vali moja ya moyo wake imekakamaa, damu inapita kwa shida. Daktari wa Mombasa alitueleza mimi na Athman wakati Baba yuko chumba cha pili akipigwa picha ya moyo. Kuweka vali mpya ni kumpasua kifua, na kwa umri wake anaweza asiamke, au aamke amepooza. Asipopasuliwa, dawa zitampunguzia maji mwilini, lakini moyo utazidi kuchoka na hatakaa nasi muda mrefu. Akasema tukae na mzee, tuzungumze naye, tuamue.

Hatukukaa na mzee.

Jumanne Athman alinipigia simu kutoka Mombasa. Kitanda kimepatikana, Baba anaingia wiki ijayo, na ameshamwambia ni kipimo tu. Akishafika kule, madaktari watamsemesha wenyewe. Nikimwambia ukweli atakataa, kwa hiyo nifunge mdomo.

Nikaufunga. Siku nne nilimpikia samaki asiye na chumvi, nikamhesabia vidonge, nikamsikiliza akiniuliza kipimo hicho kitachukua saa ngapi. Nikamjibu kuwa sijui.

Tena hapa lazima niseme kweli. Sikunyamaza kwa kumwogopa Athman. Nilikuwa nimeshaamua langu: Baba asipasuliwe. Abaki nyumbani, nimkande miguu, aondoke polepole kwenye kitanda chake. Nilikuwa natafuta tu njia ya kuvunja mpango wa Athman. Nililiita jambo hilo huruma.

Leo Athman alifika saa sita. Baada ya chakula akatoa karatasi kwenye bahasha, akampa Baba kalamu, akamwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi. Miwani ya Baba ilikuwa chumbani. Athman alijua hivyo.

Nilimwambia Baba asitie sahihi, si kipimo, wanataka kumpasua kifua.

Athman hakunyanyua sauti. Alinigeukia, akasema, "Rukia, wewe unataka afe mikononi mwako, watu wakusifu."

Nikamjibu, "Na wewe unataka afe Mombasa, usimwone."

Tulisemezana hivyo mbele yake, kama hayupo. Mengine siyaandiki. Nilimwambia mambo ambayo nilikuwa nimeyaweka tangu mazishi ya Mama, naye alikuwa na yake.

Baba aliomba miwani. Nikamletea. Akazisoma zile karatasi zote, ukurasa kwa ukurasa, akipumzika kupumua, nasi tumekaa kama wanafunzi wake wa zamani. Alipomaliza akaniuliza nimejua tangu lini. Nikasema tangu Jumanne.

"Basi nyote ni wamoja," akasema.

Hilo lilinichoma kuliko yote ya Athman.

Akataka apigiwe daktari. Wakasalimiana vizuri, kisha Baba akauliza maswali yake kwa mpangilio. Je, moyo wake ukiachwa hivi, atakufa kwa namna gani? Akipasuliwa salama, ataweza kutembea na kusujudu? Akipooza, nani ataamua juu yake? Daktari alijibu moja moja, hakuzunguka. Sijawahi kumsikia mtu akiulizia kifo chake kwa sauti tulivu namna ile. Mimi kwa miezi yote hii sikuthubutu hata kulitaja neno lenyewe.

Alipokata simu akasema atakwenda kupasuliwa.

Athman akataka kushukuru, Baba akamnyamazisha kwa mkono. Mimi nikaanza kusihi. Nikamwambia atateseka bure, hapa ametulia, hapa namtunza.

"Nani alikwambia nimetulia?" akaniuliza. "Nimelala, Rukia. Kulala si kutulia. Nataka kwenda msikitini kwa miguu yangu. Nikifa kwa kulitaka hilo, nimefia ninachokitaka mimi."

Kisha akatia sahihi na kusema tutampeleka Jumanne, mimi na Athman, gari moja, na njiani hataki kusikia neno kati yetu.

Athman ameondoka bila kuaga. Mimi pia sikutoka kumsindikiza. Baba amelala, na sura yake bado imekunjamana kwa ghadhabu. Nilipompa dawa ya jioni aliipokea bila kunitazama.

Sijamsamehe Athman. Alimdanganya baba yake mzazi na kumwekea kalamu mkononi akiwa hana miwani. Hata upasuaji ukienda salama, hilo halitafutika. Lakini nimekaa hapa barazani nikijiuliza jambo jingine, na silipendi. Ile huruma yangu, nilitaka apumzike yeye, au nimechoka na nilitaka kupumzika mimi? Miaka sita ni mingi.

Athman alimwamulia aishi. Mimi nilimwamulia afe. Baba mwenyewe alikuwa chumba cha pili.

Kesho asubuhi, kabla ya uji na vidonge, nitakaa ukingoni mwa kitanda chake nimuulize anaogopa nini. Akikataa kunijibu, nitangoja. Sitamjibia tena.