Moyo wa Don Saturnino na Mtihani wa Alhamisi

Mheshimiwa Doña Hortensia,

Nakuandikia katika safu yako ya ushauri gazetini ili uniambie kama nimweleze ukweli mgonjwa anayekaribia kufa, au ninyamaze hadi Alhamisi, kwa kuwa ukweli utaninyima nafasi ya kusomea ubingwa wa moyo, na ukimya utamnyima yeye kufia nyumbani kwake.

Mimi ni daktari mhitimu wa mwaka huu, wa pili kwa alama katika darasa letu, na niko mafunzoni katika hospitali kubwa ya umma hapa Cochabamba, inayotibu maskini wa mabonde yote na ambayo bila miili ya maskini hao sisi tusingejifunza lolote. Humo, wodi ya wanaume, amelazwa don Saturnino Colque, mkulima wa viazi kutoka Aiquile, ambaye moyo wake umetanuka kwa ugonjwa wa vinchuca, yule mdudu wa kuta za udongo, hata unatoa kila sauti inayotajwa vitabuni, na kwa sababu hiyo profesa wangu, Daktari Arandia, amemchagua awe mgonjwa wa mtihani wa mwisho wa wanafunzi, Alhamisi hii, ilhali sisi hatuna tena la kumponya, na yeye kila asubuhi huomba aende kwao.

Tunapomzunguka na stetoskopu zetu hututania: “Leo mmekuja wangapi, madaktari? Ningekuwa bendi ningewatoza kiingilio.” Jana alinishika mkono. “Sikukuu ya Watakatifu Wote imekaribia, daktari, siku roho za wafu hurudi kula na jamaa zao. Nikifia hapa, roho yangu itakuja kula mezani kwenu, na ninyi hamjui kupika.”

Binti yake, Primitiva, hakucheka. “Baba anangojeshwa nini hapa?” aliuliza.

Profesa, aliyekuwa nasi, akajibu kwamba kuna dawa inakuja kutoka La Paz. Hakuna dawa. Tulipotoka wodini akaniambia: “Wewe anakupenda. Mtulize hadi Alhamisi, na jina lako nitalipeleka mwenyewe kwenye kamati ya ubingwa.”

Najiambia kwamba wanafunzi wale watakwenda vijijini na masikio yaliyofundishwa na moyo huu na wataokoa wengi, lakini usiku wa kuamkia leo pumzi zilimbana sana, nami sina hakika kama ataifikia hata hiyo Alhamisi.

Wako mtiifu,
Daktari Chipukizi

*

Kijana wangu,

Jibu hili nakutumia kwa mkono leo, Jumatatu. Gazetini litatoka baadaye, majina yakiwa yamebadilishwa.

Barua yako imeandikwa vizuri mno, na hilo limenitia wasiwasi. Umepanga sentensi kama mtu anayengoja alama, na mimi sina alama za kukupa.

Nakuonea huruma. Umeahidiwa kitu ulichokitolea jasho miaka mingi, na aliyekuahidi ni mtu usiyeweza kumkatalia bila kuumia. Ila usijifiche nyuma ya watu wa vijijini. Hospitali ile ina kazi mbili, kutibu na kufundisha, wala sina ugomvi na ya pili. Mume wangu alifia humo akiwa amezungukwa na wanafunzi, na aliwaruhusu mwenyewe, kwa sababu walimwomba. Don Saturnino nani kamwomba? Mzee anayewatania vile huenda angewapa hata hiyo Alhamisi kwa hiari. Mmeona ni rahisi zaidi kumwibia.

Sasa sikiliza. Kesho, kabla profesa hajafika, keti kando ya kitanda chake, usimsimamie. Binti yake awepo. Mwambie hakuna dawa wala haikuwahi kuwepo. Mwambie moyo unachoka, na kwamba barabara ya Aiquile ni mbaya, anaweza kukata roho njiani. Halafu funga mdomo, achague yeye. Akisema nyumbani, mwandikie ruhusa, mpe dawa za kupunguza kubanwa pumzi, na umwonyeshe Primitiva namna ya kumlaza ameegemea mito. Ukimaliza, mfuate profesa ofisini umweleze mwenyewe, asije akasikia kwa wauguzi.

Nafasi yako nadhani utaikosa. Nikikuambia vinginevyo nitakuwa nakufanyia wewe yale mliyomfanyia mzee.

Shemeji yangu ana gari la kubebea viazi. Tutatandika godoro nyuma na kufunga turubai. Mzee akichagua kubaki, shuka uniambie, nami nitalirudisha gari bila kinyongo. Akichagua kwenda, mteremshe wewe, kwa mikono yako. Nitakuwa kwenye lango la wagonjwa wa dharura, kesho Jumanne, saa mbili kamili asubuhi.