Mkono Mtamu na Mayai ya Mama Mkwe

Mpendwa Mjomba Mshauri,

Shikamoo, na naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana ikifika hiyo Jumamosi nitakuwa nimewaponza kuku arobaini wasio na kosa lolote. Mimi ni mpishi wa kantini katika kiwanda cha kushona sare, huu mwaka wa tisa, na si kwa kujisifu, lakini kila anayekula pale husema mpishi huyu ana mkono mtamu, nami nikaliamini neno hilo hadi nikaacha kutumia mwiko, saladi ya viazi na mayai naichanganya kwa mkono wangu huu huu, nikiulizwa nasema mwiko hauna mapenzi. Sasa, Jumapili ya wiki iliyopita nilijikata kidole cha shahada nikimenya viazi nyumbani, kidonda kidogo tu, nikakifunga kitambaa, Jumanne kikawa chekundu, kimevimba, kina moto, kinapwita kama kina moyo wake chenyewe, Jumatano kikaanza kutoa usaha, nami nikafurahi kwa kuwa tangu utotoni nimesikia usaha ukitoka ndio kupona, basi nikageuza kitambaa upande wa pili nikaenda kazini.

Saa mbili asubuhi mayai yalikuwa yameshaiva, nikayamenya, nikayachanganya na viazi, kwa mkono, nikaiacha sinia mezani karibu na jiko hadi saa saba watu walipokula. Saa kumi haijagonga, Mjomba, mkata vitambaa akatoka mbio, nyuma yake washona vifungo wawili, kisha msimamizi mwenyewe, mtu ambaye hatujawahi kumwona hata akiharakisha, na vyoo vyetu ni vinne tu. Wengine walitapika, wengine tumbo la kuendesha, jumla watu ishirini na watatu, ila nashukuru kesho yake wote walikuwa wazima, wanataniana nani alimpita nani kwenye korido. Mimi sikuguswa, kwa sababu nikishapika huwa sina hamu ya chakula, nilikunywa chai na mkate.

Msimamizi akaniita. "Mpishi, nini hiki ulichotufanyia?" Mdomo wangu, sijui nani aliutuma, ukajibu, "Labda mayai."

Mjomba, mayai yale huletwa na mama mkwe wangu. Mimi ndiye niliyempeleka pale nikamtambulisha. Siku hiyo hiyo akaambiwa asilete tena hadi atakapoitwa. Siku mbili baadaye akachukua beseni la maji akawa anatumbukiza mayai moja moja aone lipi bovu litaelea, halikuelea hata moja, ndipo akamwambia mke wangu, "Kama kuku wangu wanaumiza watoto wa watu, sitaki kuwaona tena," na Jumamosi asubuhi mnunuzi anakuja kuwachukua wote. Mke wangu naye ameanza: "Baba watoto, mbona siku ile ile tulikula mayai yale yale hapa nyumbani na hatukuumwa?" Nikajifanya natafuta ndala.

Sina uhakika kama ni kidole, mimi si daktari, lakini moyo hautulii. Nasema au nanyamaza? Kazi naiogopa, mke namwogopa, mama mkwe ndiyo usiseme. Na tafadhali usiandike lolote la kunitambulisha, kwa sababu mama mkwe hununua gazeti hili kila Alhamisi, husoma ukurasa wako wote kwa sauti, halafu ndipo hulichana afungie mayai.

Ni mimi,
Mwenye Mkono Mtamu

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, Mkono Mtamu. Nimecheka sana, kisha nikajishika, kwa kuwa shuleni nilipata alama kumi na moja kwa mia katika sayansi, na nadhani mbili kati ya hizo nilipewa kwa mwandiko. Kwa hiyo barua yako nimempelekea dada yangu, daktari wa zahanati. Alipofika pale pa "nikageuza kitambaa upande wa pili" akavua miwani. "Huyu anatibu kidonda," akaniuliza, "au anawatandikia wageni shuka?"

Nisikilize, nikueleze kama nilivyoelezwa. Ngozi yako ni mlango uliofungwa. Vijidudu vimejaa juu yake, na ndani ya pua pia, vimekaa tu, havina ugomvi na mtu. Ulipojikata ukavifungulia. Mwili wako haukungoja ruhusa: ulipanua mishipa pale kidoleni, ukaijaza damu, na ndani ya damu hiyo chembe nyeupe, hawa ambao wauguzi huwaita askari, ambao kazi yao ni kuvimeza vijidudu. Ule wekundu, ule uvimbe, ule moto, ndio purukushani yenyewe. Na usaha unaoushangilia ni askari waliofia kazini wakiwa wamechanganyika na vijidudu, vingine vimekufa, vingine vi hai na vina njaa. Ni kweli usaha unaonyesha mwili unapigana. Lakini nani alikwambia vita vimekwisha? Wewe ukavihamishia kwenye viazi.

Viazi vuguvugu, mayai yaliyomenywa, sinia karibu na jiko kuanzia saa mbili hadi saa saba! Vijidudu vilikaribishwa vizuri kuliko wafanyakazi. Aina hii hukaa humo humo chakulani ikizaana na kuacha sumu, na sumu hiyo hata ungeipasha moto haitoki. Ndiyo maana wenzako hawakumaliza hata saa tatu tangu wale. Vile vijidudu ambavyo mayai husingiziwa navyo, kwa kawaida huchukua nusu siku au zaidi, na yai lililochemshwa hadi kuiva vizuri haviwezi kuishi ndani yake. Kutapika kule kulikuwa ni matumbo yenyewe yakiitupa sumu nje. Tumbo la msimamizi lilifanya uamuzi wa haraka kuliko msimamizi mwenyewe anavyofanya ofisini.

Dada hawezi kuapa bila vipimo. Lakini ukikiweka kidole chako upande huu na kuku wa mama mkwe upande ule, anajua amkamate nani.

Huna roho mbaya, kijana wangu. Mtu mwenye roho mbaya asingeniandikia. Umeponzwa na sifa, na sifa za mkono wako sizikatai, zimetoka kwa watu waliokula wakashiba miaka tisa. Ila ulisema "labda" ukakaa kimya, na neno hilo moja sasa linataka kuondoka na banda zima. Hapo sikupigi kofi kwa sababu tu uko mbali.

Basi fanya hivi. Leo hii nenda zahanati kidole kikasafishwe, na usiguse chakula cha mtu hadi kidonda kifunge kabisa. Ukirudi jikoni, rudi na mwiko. Mapenzi yatapita tu hata kwenye mti. Saladi ikishachanganywa ikae kwenye jokofu, na kama jokofu limeharibika, pika maharage ya moto uwape watu moja kwa moja kutoka sufuriani. Msimamizi mwambie, "Ni kidole changu, si mayai," umwonyeshe na karatasi ya zahanati. Atafoka. Mwache afoke, ana haki, alikimbia mbele ya wafanyakazi wake.

Lakini kabla ya zahanati, kabla ya msimamizi, anza kwa mama mkwe. Kaa chini, si kwenye kiti, useme yote, na "labda" usiitumie tena.

Kuhusu kutokutambulisha, jina lako silijui, kwa hiyo hapo nimetimiza. Ila wapishi wenye kidole kilichofungwa kitambaa, ambao mama wakwe zao wana kuku arobaini wanaouzwa Jumamosi, sidhani kama mko wengi. Na leo ni Alhamisi. Wewe unaposoma mstari huu, yeye huenda yuko pale pa beseni, anasoma kwa sauti, na mke wako anasikiliza.

Zile ndala ulizokuwa unazitafuta, zivae sasa hivi. Kimbia.