Miwani Yako na Udongo wa Mama

Kibirichia, Agosti 1996

Ndugu yangu Mutethia,

Nakusalimu kwa jina la Yesu aliyetufikisha leo. Sisi tuko. Viazi vimekubali mwaka huu, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Barua yako imefika. Unauliza kama watu wa kawaida watakuja kununua hiyo miwani mnayotengeneza huko Amerika, ambayo mtu akivaa anaona mahali ambapo hayuko. Niliwauliza akina mama wa kanisa tukichambua viazi. Mama Nkirote akasema, "Na nikiivaa, viazi vitajichimba?" Wakacheka. Mimi pia nilicheka, ingawa tangu Mama atutoke sisikii kitu moyoni. Naona mtu ataivaa mara moja ashangae, kisha aivue aangalie kama chakula kinaungua.

Unasema ikienea, hakuna atakayesafiri tena kwa mazishi, ataketi kwake aone yote. Labda. Siku tulipomzika Mama, wewe kifungua mimba ndiwe uliyetakiwa kuanza kutupa udongo kaburini. Mchungaji akatazama barabarani, kama anayekungoja, mpaka mjomba Njura akasema, "Endeleeni tu, mtoto ana kazi." Nikatupa wangu. Wako niliuchota nikautia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Uko juu ya kabati.

Siku miwani yenu itaweza kuutupa udongo huo, niandikie. Nitakuwa wa kwanza kununua.

Mungu akulinde huko uliko.

Dada yako,
Kagendo